Siku Makamanda Walipoingilia Mahari Yangu

Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, hawezi kukaa na wanaume wenzake bila kuwauliza swali lake: katika makamanda wote wa vita tangu dunia iumbwe, nani alikuwa mkubwa? Ataliuliza matangani, marehemu bado yuko ndani. Atamuuliza daktari anayempima presha. Ukimjibu umekwisha, na ukinyamaza atajijibu mwenyewe, na jibu lake ni refu kuliko misa ya Pasaka.

Jibu lenyewe halijawahi kubadilika. Yeye ni mtu wa Moba, alisoma kwa mapadri, akafundisha katekisimu mpaka nywele zikawa nyeupe, na kamanda wake ni yule kapiteni Mzungu aliyekuja zamani kuilinda misheni kwa bunduki, wakati wafanyabiashara wa watumwa walipokuwa wakichoma vijiji kando ya ziwa. Alikuwa askari wa Papa wa Roma. Akaja kwetu, akaoa mwanamke wa huku, akazeeka huku, akazikwa huku huku. Baba mkubwa anamsimulia utadhani walikunywa chai pamoja asubuhi. Anajua kapiteni alivyopanga walinzi wake, alivyosali kabla ya kulenga, na macho yake yalivyopofuka uzeeni. Lakini mama mkubwa, mke wake mwenyewe, alipofanyiwa operesheni ya jicho, baba mkubwa alituambia ni la kushoto. Lilikuwa la kulia.

Na kapiteni sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu baba mzazi hasemi siku ya mahari. Anakaa, anasikiliza, na ndugu yake ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba nzima. Tulikuwa wasichana wawili, na msemaji wetu sote wawili alikuwa huyo huyo. Posa ya kwanza ya dada yangu ilivunjika kwa sababu hiyo. Wageni walikuwa watu wa Kongolo, wenye adabu, na walipoulizwa wakakiri kwa adabu hiyo hiyo kwamba hawajawahi kumsikia kapiteni. Baba mkubwa akawajibu kwamba watu wasiomjua kapiteni hawawezi kukabidhiwa mtoto aliyebatizwa. Wakaondoka na mbuzi wao. Dada yangu baadaye aliolewa Lubumbashi, na mimi nafikiri umbali ule aliuchagua.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na kazi ya biro, yaani ya ofisini, kwenye depo ya saruji karibu na bandari, na nilikuwa na umri ule ambao majirani wanaanza kukuuliza habari za ndoa kwa sauti ya upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Niliyempenda alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme cha Bendera. Mtu mpole, mwenye mikono inayonuka grisi hata Jumapili. Nilikuwa sitaki mwingine, na nilijua posa ikivunjika mara moja watu wake hawatarudi. Kwa hiyo nilikwenda kwa baba mkubwa, nikapiga magoti, nikamwomba kapiteni abaki Moba siku ile.

"Mutoto," akasema, "mimi niko muntu muzima. Sitasema kitu."

Nilimwamini. Ndiyo ujinga wangu wote katika habari hii.

Wageni walifika Jumamosi mchana, wakamfunga mbuzi kwenye mpera uani, wakaingiza kreti za soda na bia. Ukoo wao ni watu wa kaskazini, upande wa Fizi, walioshuka na ziwa kufuata samaki na wakabaki. Baba wa mchumba wangu alikwisha kufariki, hivyo msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na shangazi, nyuma ya pazia. Mila ni kwamba msichana haonekani mpaka aitwe. Akiitwa anaulizwa mbele ya wote kama vitu vya wageni vipokelewe, naye anajibu kwa neno moja. Akishalisema, hakuna anayeweza kuondoka na mbuzi. Neno lile nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mgeni alisema wamepita njiani wakaona ua zuri kwenye uwanja wetu. Baba mkubwa akajibu kwamba maua yapo, lakini yana wenyewe. Watu wakacheka inavyotakiwa. Shangazi akanifinya mkono kwa furaha. Kisha baba mkubwa akawaomba waseme wao ni nani, kama ilivyo desturi, na hapo ndipo msemaji wa watu anapotaja asili yao na kitu kimoja cha kuwapa heshima. Wengine hutaja padri wa ukoo, wengine mwalimu.

"Sisi njo watoto wa muntu mwenye alipigana hapa Bendera," akasema mgeni, "nyuma ya kamanda mukubwa kupita wote."

Shangazi aliniachia mkono.

"Kupita wote?" akauliza baba mkubwa.

Nilifumba macho. Kamanda waliyekuwa nao wageni wetu alikuwa yule Mzungu mwenye ndevu, daktari kwa kusoma, aliyevuka ziwa usiku kutoka Kigoma miaka ya sitini, kuja kuwafundisha waasi vita. Kwa watu wa milima ile ya kaskazini habari zake ni chakula cha kila siku. Mgeni alizimwaga zote: jinsi alivyotibu wagonjwa, jinsi alivyosoma vitabu mvua ikinyesha, jinsi alivyokuwa na pumu na bado anavuta sigara, jinsi alivyotembea bila viatu vilipokwisha. Akasema watu wake walishuka kukishambulia kituo kile kile cha umeme cha Bendera wakiwa wachache, bila woga. Alichoruka ni kwamba walishindwa.

Na nikaona jambo ambalo hakuna mwanaume hata mmoja sebuleni aliyekuwa analiona. Babu yake mchumba wangu alikwenda Bendera kuuvunja mtambo, mjukuu yuko Bendera anaupaka mafuta, na msemaji anajivunia wote wawili kwa pumzi moja. Nilitamani mtu alitaje, tucheke, tuendelee na mambo yetu. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na mchumba wangu, kwa mila, naye hana ruhusa ya kusema. Niliona viatu vyake chini ya pazia. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri na havisogei.

"Huyo wenu alikaa miezi mingapi?" akauliza baba mkubwa. "Kapiteni wetu alikaa mpaka kufa. Kaburi iko, nenda uangalie."

"Wenu alitumwa na mapadri."

"Wenu alitumwa na nani?"

"Wetu alikuja kusaidia bantu maskini."

"Bantu maskini njo walimubebea mizigo."

Baba yangu alikohoa, ndiyo yote aliyoruhusiwa. Shangazi akanong'ona kwamba tumwite jirani yetu atulize mambo, maana yeye si wa upande wowote, ni Mholoholo wa mdomoni mwa mto Lukuga, na ana umri unaoheshimika. Wakamwita. Akaingia, akasalimu, akapewa kiti na soda, akasikiliza pande zote mbili kwa makini, nikaanza kupumua.

"Bapapa," akasema, "munagombana bule. Kamanda mukubwa njo yule Mwingereza wa sketi."

Sikuamini masikio yangu. Mtu aliitwa kuzima moto, akaja na kamanda wake mwenyewe. Ni yule ofisa wa vita vya kwanza vya Wazungu, aliyekuja mpaka hapa kwetu na boti mbili zilizokokotwa nchi kavu, kupita milima na misitu, ili akapigane na meli za Wajerumani ziwani. Alikuwa akivaa sketi, ana michoro ya nyoka mwilini, na alikuwa akioga nje watu wote wakimtazama. Jirani alisema kwa fahari kwamba wazee wake walifinyanga sanamu yake kwa udongo. Sasa tulikuwa na makamanda watatu sebuleni, wote Wazungu, wote wageni, na kila mmoja ana mtu mweusi wa kumgombania. Na hakuna aliyekuwa anakumbuka kwamba nyuma ya pazia kuna msichana.

Niseme wazi: nilikuwa na hasira ya kutaka kupiga mtu. Vita tumeviona sisi wenyewe. Watu wa mji huu wanajua maana ya kulala na viatu miguuni, na jirani zangu wa kambi za wakimbizi hawana kamanda wanayempenda. Wanaume hawa wanajua hayo yote. Lakini wape vita vya zamani na Mzungu wa kumsifu, wanakuwa watoto wa shule.

Ndipo baba mkubwa akasema alilolisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na mpaka leo nadhani alikusudia utani tu.

"Kamanda gani anapanda mutumbwi usiku, anarudi kwao, anaacha bantu yake mu pori?"

Kiti kikakwaruza sakafu. Mgeni alikuwa amesimama. Akasema bila kupaza sauti kwamba wamfungulie mbuzi wake. Nikaona viatu vya mchumba wangu navyo vinasimama, polepole, kisha watu wake wote nyuma yake.

Shangazi alinishika nguo. Sijui nilimwambia nini. Nilijikuta nimepita pazia bila kuitwa, kitu ambacho kwetu msichana hafanyi, na baba mkubwa akanitazama kama niliyeingia kanisani nikipiga mluzi.

"Nani amekuita?"

"Hakuna," nikasema. "Mulikuwa munanisahau."

Nikaenda kumpigia magoti mgeni, aliyekuwa tayari mlangoni. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka na kapiteni, nimechoka na ndevu na sketi, na nikatamani kusikia habari ya mtu mmoja ambaye hakuwa kamanda.

"Papa," nikamwambia, "ya kamanda tumesikia. Mulisema muko watoto wa muntu mwenye alipigana. Yule muntu, papa yenu, alikuwa muntu wa namna gani?"

Nilitegemea nusu saa nyingine ya sifa. Mgeni alinitazama, mdomo wazi kidogo. Ile sauti ya kwaya ilikuwa imepotea.

"Sijui, mama."

Akashika fremu ya mlango.

"Alienda Bendera, hakurudi. Kaka yangu alikuwa angali wa kubebwa mu mugongo, mimi nilikuwa mu tumbo. Mama naye alikufa nikiwa sijapata akili. Wale wenzake wenye walirudi, nilikuwa nabafuata nyumba kwa nyumba. Nauliza: papa yangu alikuwa murefu? Alikuwa anapenda kucheka? Alisema nini siku ya mwisho?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Bananiambia habari ya kamanda. Alikuwa anavuta sigara ya namna gani, alikuwa anakohoa namna gani. Papa yangu, hakuna mwenye alimwangalia."

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma yake, na nilijua kwa uso wake kwamba na yeye ndiyo kwanza analisikia.

Baba mkubwa aliinuka. Nilidhani anataka kusema, na nikajiapia kwamba akimtaja kapiteni nitamfunga mdomo kwa kilemba changu. Hakumtaja. Alichukua kiti chake mwenyewe, kile cha msemaji, akakivuta mpaka mlangoni, akamkalisha mgeni kwa kumshika bega. Yeye akakaa pembeni juu ya kreti ya soda, na suti yake ya misa ya Pasaka. Jirani wa Lukuga alikuwa anaangalia miguu yake.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema baba mkubwa. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, kabla wala baada.

Kisha akanigeukia, nikiwa bado nimepiga magoti pale chini, akaniuliza swali la mila, taratibu, neno kwa neno, kama vile nimeitwa kwa utaratibu wake: vitu vya hawa watu, tule au tusile? Nikajibu tule. Haikutoka kama nilivyoifanyia mazoezi, lakini ilisikika, na nje mtu akamwacha mbuzi alipokuwa.

Tumeoana, tuna watoto, na wazee wale wawili wanakutana kwangu Jumapili kugombana kuhusu kapiteni na mwenye ndevu mpaka chai inapoa. Wananichosha vibaya. Lakini hasira yangu ile ya nyuma ya pazia iliwaacha wao siku hiyo hiyo, ikahamia kwingine, na sijui nimpelekee nani. Yule mchuuzi wa ndagala, akiwa mtoto, alizunguka nyumba kwa nyumba akimtafuta baba yake kwa watu waliolala naye porini, waliokula naye sufuria moja, na wote walikuwa wamerudi na kumbukumbu ya mtu mmoja tu.