Uzi Unaoning'inia kwenye Gauni la Kipaimara

Fundi akikukabidhi nguo huku anacheka, ligeuze vazi uone ndani.

Leo nimefuata gauni la kipaimara la mjukuu wangu hapa Tunduma. Nikaligeuza mbele ya wateja. Kingo zimepigwa ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisichomoke, vizuri tu, ila kuna uzi unaning'inia!

"Bibi, usivute huo," fundi akasema.

Mtu akikukataza kuvuta, kuna anachoficha. Nikavuta.

Jamani! Ovaloki ikafumuka ubavu mzima, kitambaa kikatoa ndevu kama mahindi.

Na kanisani ni kesho asubuhi.

Sasa anaipiga upya. "Bibi, mikono iwe mapajani."

Nimeiweka mapajani. Lakini macho yangu yako kwenye mashine yake, na sibanduki.

Semeni nyie: fundi mwema anamwachiaje bibi uzi unaning'inia?