Ukiipata Karatasi, Utaenda Wapi Kwanza?

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wageni, kule Rohero, Bujumbura, nilivaa viatu vya dada yangu kwa kuwa sikuwa na vyeusi vya kwangu. Viliniumiza mpaka machozi. Niliwekwa kwenye gishe, yaani dirisha la kupokelea watu, na kabla hatujafungua, foleni ilikuwa imeshazunguka kona ya ukuta. Mkuu wa gishe, mzee mrefu aliyependa kuchonga penseli huku akizungumza, alisimama nyuma yangu. Akanisikia nikimuuliza mtu wa kwanza, "Unataka karatasi gani?"

Mtu yule alipoondoka, mkuu akapuliza vumbi la penseli.

"We mutoto, ukimuuliza mutu karatasi gani, atakutajia ile jirani yake alipata. Muulize hivi: ukishaipata, utaenda wapi kwanza? Hapo ndio utaona njia yake."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Baadaye nilihamishiwa mpakani, upande wa Gatumba, na huko mzaha ukaisha. Nilikaa miaka mingi nikigonga mihuri kwenye pasipoti za watu wanaokwenda Uvira, upande wa Kongo, na kurudi: wachuuzi wa vitenge, wanafunzi, wafiwa. Kutoka ni rahisi, kila mlango unamruhusu mtu kutoka. Karatasi hupimwa siku ya kurudi. Nimewaona wake za watu wakisimama upande wa pili wa kizuizi, watoto wao wakiwaita kutoka upande huu, na mkononi mwangu karatasi ambayo haikuwa na nguvu ya kuwavusha. Kamanda wa kituo alizoea kuniambia, "Madamu, usiangalie sura, angalia tarehe." Niliangalia tarehe. Sura nazo ziliniangalia.

Niliporudishwa Rohero nilipewa chumba cha mahojiano cha wenzi wa raia. Wageni waliooa au kuolewa na Warundi walikuja kwetu kuomba kibali cha kukaa bila kikomo, ambacho watu wa gishe tulikiita etablisma. Kosa la kwanza la wengi lilikuwa lile lile. Walileta picha za mahari, ng'ombe na vikapu vyote vikionekana, au cheti cha kanisa chenye muhuri wa padri. Ilinibidi niwaambie kwa upole kwamba kwa serikali ndoa ni ile ya komini, ofisi ya tarafa, mnaposhika bendera na kuinua mkono mbele ya afisa. Wengine walirudi wakafunga ndoa hiyo huku wajukuu wakiwapigia makofi.

Feza hakuwa na kosa hilo. Alikuja asubuhi moja ya mvua, kitenge kimelowa hadi magotini. Alizaliwa Uvira, akakimbia vita akiwa msichana, na tangu hapo aliishi Bujumbura kwa karte, kitambulisho cha ukimbizi. Mume wake Dezire, Mrundi, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Waliishi Nyakabiga na watoto wao, pamoja na baba yake Dezire, mzee aliyeletwa kutoka milimani baada ya miguu kumkataa.

"Ukiipata hiyo karatasi, utaenda wapi kwanza?"

Hakufikiri. "Uvira, mama. Mama yangu hatoki tena mu kitanda. Anasema anataka kuona sura yangu, tu hiyo."

"Na utarudi?"

"Si niko na batoto hapa? Na ule mzee, nani atamupikia? Dezire anaunguza hata maji."

Nikamweleza njia zake, kama nilivyofundishwa. Ya kwanza ilikuwa kubaki na karte ya ukimbizi. Ile inamlinda, lakini mkimbizi akirudi mwenyewe katika nchi aliyoikimbia, ulinzi unaweza kwisha, na mpakani hana cha kuonyesha. Ya pili ilikuwa uraia. Mke wa Mrundi anaweza kuuomba, ila njia ni ndefu, na Kongo haikubali mtu wake awe na uraia wa pili.

"Hapo ningekuwa mugeni kwa mama yangu," akasema. "Apana. Sitaki kupiga hodi kwa mama."

Ikabaki ya tatu, ukaazi kama mke wa raia. Angebaki Mkongomani, angevuka kwa pasipoti ya kwao, angerudi kwa kibali chetu. Ilikuwa njia yake, niliiona wazi. Lakini ilikuwa na meno. Kwa utaratibu wetu wa wakati ule, siku ya mahojiano mwombaji aliweka karte ya ukimbizi mezani na haikurudi. Akikataliwa, anatoka bila kibali na bila karte, kwenda kuanza upya kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye lori.

Feza aliitazama mvua dirishani. "Nipeleke hapo pa tatu, mama."

Wakati huo ndoa za uongo zilikuwa zimetuchosha. Nje ya ofisi walisimama makomisioneri, watu wa kati, ambao waliuza hadi majibu ya mahojiano: rangi ya mapazia, jina la mkwe, chakula cha Jumapili. Kwa hiyo mkuu wa idara akaamua kukaa mwenyewe chumbani. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, suti yake imepigwa pasi mpaka inakata. Mimi niliketi pembeni yake kuandika.

Dezire aliitwa kwanza, peke yake. Alijibu yote huku akitokwa na jasho, jina la baba yake likiwamo. Kisha akatolewa, akaingia Feza. Akaweka karte mezani. Mkuu wa idara akaivuta kwa kidole kimoja.

"Maji yakikatika Nyakabiga, munachota wapi?"

"Kwa Mama Jaklini, bomba la nyuma. Anatutukana kwanza, kisha anafungua."

"Bwana yako akirudi kazini, anaanza na nini?"

"Anaanza na kulalamika, shefu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Baba mukwe wako anaitwa nani?"

Feza akainamisha kichwa. Nikangoja, kalamu juu ya karatasi. Mvua ilisikika kwenye mabati kana kwamba mtu anamwaga maharage.

"Nimeuliza jina la baba mukwe."

"Nalijua, shefu. Lakini siwezi kulisema."

"Unalijua, huwezi kulisema?"

"Mama mukwe alinifundisha kabla ya kufa. Alisema jina la baba wa bwana yako halipiti mu kinywa cha mukamwana. Ni heshima. Mi namwita Mzee. Hata kwa kuombea, ninasema tu Mzee, Mungu anajua ni nani."

Niliifahamu desturi ile. Mama yangu mzazi aliishika. Lakini wasichana wa mjini walikuwa wameiacha zamani, na huyu hata hakuzaliwa nayo, aliipokea tu kutoka kwa marehemu. Mkuu wa idara alikulia mjini, akasomea ng'ambo. Niliutazama uso wake, sikuona hata ufa. Nikasogeza kipande cha karatasi kumwelekea Feza, angalau aandike.

Mkuu akaweka kiganja chake juu ya karatasi ile.

"Mwanamuke, sikiliza. Hii karte iko kwangu. Bila jibu, unatoka hapa mukono mutupu. Mama yako yuko anakungoja. Jina moja tu. Mzee mwenyewe hayuko hapa, hatasikia."

Feza aliitazama karte yake chini ya kidole cha yule bwana kama mtu anavyotazama mtumbwi unaosukumwa majini bila yeye. Nikaona midomo yake inafunguka. Nikamwombea moyoni: sema, binti, sema tu, Mzee atakusamehe.

"Basi ibakie, shefu," akasema. "Mama yangu atanisamehe, yeye ndiye alinizaa. Lakini ule mzee, jioni nitamupa chakula. Nitamuangalia na macho gani?"

Akasimama. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda mlangoni.

"Rudi ukae," mkuu wa idara akasema.

Alifungua kofia ya kalamu yake. Akasaini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka. Feza hakuelewa mpaka nilipomshika mkono na kumwambia, "Imekwisha, mwanangu. Umepata."

Alipotoka, mkuu wa idara alinigeukia. "Madamu, ulitaka kumusaidia."

"Ndiyo, shefu."

"Wenye kununua majibu, lile jina ndilo wanajifunza la kwanza. Wanalitupa mezani kabla hujamaliza kuuliza. Wasichana wa mjini nao wanalisema, si kosa, hao ninawatafutia alama ingine. Lakini huyu..." Alikunja uso, akatazama dirisha. "Mama yangu alikufa hajawahi kutaja jina la babu yangu, baba mukwe wake. Niliuliza kwa nini, miaka yote hiyo. Leo ndiyo nimejibiwa."

Feza alivuka wiki hiyo hiyo. Siku chache baadaye vita vya upande wa Kongo vilisogea na mpaka ukafungwa. Kila asubuhi Dezire alikuja kusimama chini ya dirisha langu. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu. Nilisaini barua zangu, nikafundisha aliyenirithi kiti, na usiku nilijiuliza kama njia niliyomwonyesha ilikuwa njia au shimo.

Sasa naishi Jabe, karibu na soko. Vijana huja na makaratasi yao kwenye mifuko ya plastiki kuniuliza: Mama, nimeoa Mrundi, nimeolewa na Mrundi, nipite wapi? Wanataka niwatajie njia bora. Njia bora sijawahi kuiona. Nimeona njia ya huyu na njia ya yule. Nawauliza swali la mzee wa penseli, na wengi huanza kupekua makaratasi yao upya, kwa sababu hawajawahi kuulizwa.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa namimina vitu vya droo kwenye kikapu mlango ulipogongwa. Alikuwa Feza. Mpaka ulikuwa umefunguliwa asubuhi hiyo. Amekonda, nywele zimenyolewa, nami nikajua habari ya mama yake kabla hajasema.

"Nilimukuta," akasema. "Tulikaa. Alinishika sura hivi, na mikono yote mbili. Nilimuzika mimi mwenyewe, mama. Kisha nikaonyesha karatasi, wakanipisha."

Nilimsogezea kiti. Akakataa kwa kichwa, mkono tayari uko mlangoni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Nilipita tu kukusalimu. Mzee hajakula."