Tetere Anayepulizwa Mkiani

Mama mdogo wangu ni mfinyanzi, na miaka yote ya ndoa yake alimwomba Mungu ampe nyumba tulivu. Akapewa, na utulivu huo nusura umuue.

Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa kusahihisha hata mlio wa bawaba za mlango. Kisha kwaya ikapata kijana mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Baba mdogo akashukuriwa kwa makofi na saa ya ukutani, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Hakununa, kununa kwake tunakujua. Aliitikia salamu kwa kichwa, akala, akaenda kukaa dirishani. Mwanzoni mama mdogo aliona kama amepewa likizo. Baadaye akaanza kuniambia, "Mwanangu, namkosa. Yupo pale kitini, lakini namkosa."

Kiumbe pekee aliyewahi kusifiwa na baba mdogo ni tetere wa kwenye paa. Alisema mtaa mzima huyo tu ndiye asiyeimba ovyo. Basi mama mdogo akaamua kumfinyanga: filimbi ya udongo yenye umbo la tetere, tumbo tupu, matundu mgongoni, na pa kupulizia mkiani. Ndiyo, mkiani. Nilicheka, nikatumwa maziwa.

Udongo ukiwa bado mbichi alitoboa, akapuliza, akalinganisha na kifilimbi cha chuma ambacho mumewe alikitumia kuwapa wanakwaya sauti ya kuanzia. Zikalingana. Akamchoma. Sasa, huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kuuza chungu chenye kifuniko kisichoingia, maana anajua udongo husinyaa motoni. Ila hakufikiria kwamba tumbo likisinyaa, sauti nayo hupanda. Tetere akatoka tanurini akilia kama birika lililochemka.

Akamtupa kabatini, akafinyanga mwingine, mnene zaidi. Huyo alitoka barabara, sauti ya chini, tamu, hata mimi nilisisimka. Akapuliza wimbo mzima mbele ya mumewe, polepole, bila kukosea. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho. Akaafiki kwa kichwa, akageukia dirisha.

Hapo mama mdogo alipandwa na hasira kwelikweli. Alifungua kabati kwa kishindo, akamtoa yule wa kwanza, akasimama katikati ya sebule na kupuliza wimbo uleule kwa nguvu zake zote. Baba mdogo alivumilia mstari mmoja. Kwenye wa pili alishika mikono ya kiti.

"Mama! Acha! Hiyo sauti ya tatu imepanda, huisikii?"

"Imepanda wapi, Mwalimu?"

"Wapi? Kila mahali! Na nani kakufundisha kupumua katikati ya neno? Shusha mabega. Rudia!"

Aligombezwa mpaka chakula kikapoa. Machozi yakaanza kumtoka, na baba mdogo, akidhani ni kwa sababu ya ukali wake, akalegeza sauti.

"Basi, mke wangu, unakaribia kupata. Mara moja tu, halafu nitakuacha."

Mama mdogo akaliona balaa linakuja. Akajifuta machozi haraka, akavuta pumzi, akapuliza vibaya kuliko mara zote.