Viti Viwili Nyuma ya Wavu

Nilikasirika tangu saa moja asubuhi, na sababu ilikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimetoka Kitale kungali giza ili niwe Bungoma mapema, tuvuke mpaka, tufike uwanjani kabla ya mchezo kuanza saa sita. Nilimkuta amevaa fulana na bukta, anapiga pasi suti. Suti, ya kwenda kukaa kwenye jua la Uganda tukitazama besiboli!

"Mwalimu, si naenda kuonekana na mtoto wangu mbele ya mataifa?" alisema, huku akirudia mkunjo uleule wa suruali mara ya tatu.

Ningeweza kwenda peke yangu. Kutoka kwangu ni kupita Endebess, kuvuka mpaka pale Suam, na kuzunguka mlima kwa upande wa pili. Lakini nilimjua. Ningemwacha asafiri mwenyewe, angekwama Bungoma kwa kikao cha matanga au mkutano wa walimu, kisha jioni angepiga simu kueleza alivyobanwa. Kijana wake alikuwa amezisikia simu hizo tangu darasa la saba. Ndiyo maana niliamua kwenda kumchukua kwa mkono wangu.

Kijana huyo alikaa kwangu Kitale miaka minne ya sekondari. Baba yake na mimi tulikuwa tumefundisha pamoja kabla yeye hajahamishwa kwao Bungoma. Katika stoo ya shule kulikuwa na gunia la glavu na magongo mawili yaliyoachwa na mgeni mmoja, na mimi, ambaye sijawahi kucheza hata voliboli ya maana, nikajifunza besiboli kwenye kijitabu cha picha ili nipate kuwafundisha watoto. Kijana yule alikuwa na mkono wa kurusha. Jioni baada ya kukamua ng'ombe tulitundika gunia nyuma ya zizi langu, naye akalirushia mpira hadi likatoboka, kisha tukatundika lingine. Baba yake aliuita mchezo wa watu wasio na shamba. Hakuja kumtazama hata siku moja.

Sasa kijana alikuwa ameitwa timu ya taifa, na ndiye angeanza kurusha katika mchezo wa kwanza wa mashindano, huko nje ya Mbale. Kabla ya kuondoka alinipigia. "Mwalimu, nitawawekea viti viwili nyuma ya wavu, pale nikirusha nawaona uso kwa uso. Mlete mzee. Safari hii mlete, tafadhali." Nilimwahidi. Niliahidi kama mtu mwenye uwezo wa kumwamrisha mwanamume wa miaka hamsini na tisa.

Tulipofika Chwele rafiki yangu alijipapasa mifuko, akajipapasa tena, akaniangalia kwa aibu. Kitambulisho kilikuwa kimebaki kwenye suruali ya jana. Kila nililotaka kusema lingevunja urafiki. Tulirudi Bungoma, tukaanza upya, tukafika Lwakhakha saa tano na nusu, na mbele yetu mpakani kulikuwa na foleni ya wafanyabiashara wa vitunguu ambao nao walikuwa na haraka zao. Rafiki yangu alinisemesha njia nzima. Ati kurusha kule kuna maana gani, ati mtu akikosa mara tatu anafanywa nini. Nilimjibu kwa mkato. Lakini nakiri kwamba hasira ilipungua kidogo, maana hakuwahi kuuliza maswali hayo kwa miaka yote ile.

Tulifika uwanjani mchezo umeshaanza, lakini si sana. Ulikuwa uwanja wa shule, nyasi zimefyekwa vizuri, na upande mmoja kuna jukwaa dogo la mbao lenye paa la mabati. Mbele ya jukwaa hilo, nyuma ya wavu unaozuia mipira, niliviona viti viwili vyeupe vya plastiki, koti la michezo la kijana limetandikwa juu yake kuwafukuza watu. Yeye mwenyewe alikuwa katikati kwenye kile kichuguu cha udongo anachosimama mrushaji. Nilishika mkono wa rafiki yangu nimvute. Akawa mzito kama mbuzi aliyeona mto.

"Siwezi kwenda pale bana," alisema.

Nilifuata macho yake. Katikati ya jukwaa, safu ya mbele kabisa, hatua tatu kutoka kwenye vile viti, alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, amezungukwa na akina mama wa kanisa lake. Alikuwa mama mkwe wake. Boma lake liko upande wa Uganda, si mbali na pale.

Wasomaji wa Bungoma wameshaelewa. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawapeani mkono, hawapiti njia moja. Akimwona mbele, anakata kona. Ipo siku wazee wa pande mbili hukutana, zawadi zikatolewa, wawili hao wakafunguliwa njia wakaweza kusalimiana, lakini rafiki yangu alikuwa ameiahirisha siku hiyo kama alivyoahirisha mambo mengine yote. Mimi nilizaliwa kwenye shamba la skimu ya makazi Kitale, majirani wa kila kabila, na mila zetu zimelegea. Nayajua mambo haya kichwani tu. Na ndiyo maana juma moja kabla ya safari nilimpigia simu mkewe, nikamwambia itakuwa vizuri bibi aletwe, mtoto apate wa kumshangilia hata baba yake akikosa kufika. Nilijiona nimefanya wema mkubwa! Pale uwanjani niliona nilichofanya, nikatamani kujipiga kofi.

"Pita haraka tu," nilimwambia. "Hatakuona. Anatazama mpira."

"Nikipita mbele yake nimemvua nguo mbele ya watu. Mwalimu, usinilazimishe."

"Ni mtoto wako yule!"

"Na yule ni mama ya mke wangu."

Alizunguka uwanja kwa nje, nami nikamfuata nikinung'unika, mpaka tukasimama nyuma ya uzio wa mbali, kwenye ukingo wa shamba la mahindi. Nilitaka kumwacha huko nikakae kwenye kiti changu. Akaniomba nisimwache, kwa sababu bila mimi asingejua kinachoendelea. Nami nikafikiri kwamba nikienda kukaa peke yangu, kiti cha pili kitaonekana kitupu zaidi. Basi nikabaki.

Anayeijua besiboli anajua ubaya wa mahali pale. Mrushaji humtazama mpigaji, na mpigaji husimama karibu na wavu. Sisi tulikuwa upande wa pili kabisa. Tulichoona kwa saa mbili na zaidi kilikuwa mgongo wa kijana, mdogo kwa umbali, na namba yake ambayo ilibidi nimsomee baba yake. Nilimweleza kila mrusho. Huyu amekosa. Huyu ametolewa. Rafiki yangu alivua koti la suti akalipunga juu ya uzio, akaita jina la mtoto mpaka sauti ikakauka. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Kijana hakugeuka, na mimi ndiye niliyemfundisha asigeuke, ayaweke macho mbele.

Kila alipomaliza kurusha, kabla ya kurudi benchi, alisimama kidogo akitazama vile viti. Hilo nililiona vizuri. Baba yake aliniuliza anatazama nini, nikamwambia anapumzika.

Alirusha vizuri mno. Tulishinda, na rafiki yangu akanikumbatia analia waziwazi, ati mwanawe ana mkono, ati kwa nini sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia miaka minne mfululizo. Nilimbandua nikamwambia asimame hapohapo kwenye uzio, asisogee hata hatua moja, nikazunguka uwanja mbio, na magoti yangu haya.

Nilimpata kijana ameweka mguu kwenye ngazi ya basi la timu, glavu kwapani. Aliniamkia kwa heshima kama kawaida, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Mzee hakuja?"

"Amekuja! Ametazama mchezo karibu wote. Yuko kule kwenye uzio. Tazama."

Tuligeuka pamoja. Bibi na akina mama wa kanisa walikuwa wameshuka jukwaani wakishika njia ya mkato ya kwenda kwao, ile inayofuata uzio, na walikuwa wamekaribia mahali nilipomwacha rafiki yangu. Kwenye uzio hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mahindi tu.

Nilianza kumweleza habari ya bibi na mambo ya wakwe, maneno yakitoka ovyo kwa kuhema. Hata picha moja ya baba yake sikuwa nimepiga, na hilo linaniuma mpaka leo. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, maana ana adabu. Kisha akanishika bega, kama mkubwa anayemtuliza mdogo.

"Mwalimu, wewe hujawahi kunidanganya. Usianze leo kwa sababu yake."

Kocha akaita, naye akapanda. Niligonga dirisha mara mbili, lakini alikuwa ameinamia viatu vyake anafungua kamba. Basi likaondoka.

Rafiki yangu alitoka kwenye mahindi nilipomkaribia, majani yamemkwaruza shingo, uso bado umejaa furaha. Alikuwa amelichungulia basi likipita barabarani.

"Ulimwambia niko hapa?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwambia. Ilikuwa imejaa mdomoni tangu asubuhi, na alistahili kuisikia. Lakini sehemu ya kosa ilikuwa yangu, naye alikuwa ananitazama kama mtoto anayengoja kurudishiwa karatasi ya mtihani.

"Alifurahi," nikasema. "Alisema alikuona."