Mfupa Uliokataa Dawa

Juzi nilikuwa saluni kwa binamu yangu hapa Galbet, Garissa, nikimsubiri amalize kumfuta bibi harusi rangi ya kucha. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, na bibi harusi hangeweza kutawadha kucha zikiwa zimefunikwa, maana maji hayafiki. Binamu yangu akafungua chupa ya asetoni. Harufu ile kali yenye utamu iliponiingia puani nilisahau saluni, nikasahau hata kilichonipeleka. Nikajiona tena mtoto wa miaka kama kumi, nimechuchumaa kwenye ukingo wa shimo karibu na Eldas, kule Wajir, nikiwatazama watu wazima wakiunywesha mfupa dawa.

Mnivumilie, kwa sababu kisa hiki sikukielewa kilipotokea, na kwa miaka mingi baadaye niliendelea kutokielewa kwa bidii.

Mwaka ule ukame ulikuwa umetukaba. Abti Noor, kaka yake mama, aliwakusanya wanaume wa kwetu wachimbe lambo, ili mvua za gu, zile za masika, zikija zipate mahali pa kutulia badala ya kupita zikienda zake. Kazi ilikuwa ikienda vizuri mpaka sururu ya mmoja wao ilipogota kitu cheupe kwenye ukuta wa udongo. Walipofukua kidogo likatokea taya. Jino lake moja tu lilikuwa kubwa kuliko kiatu cha Abti, na kila walipoligusa taya lile lilimeguka likawa unga.

Kazi ikasimama, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Wazee walisema ni mmoja wa Madanle, wale watu warefu wa zamani ambao kwetu husemekana ndio waliochimba visima vya Wajir kabla yetu. Maalimu wa duksi, chuo chetu cha Kurani, alisema kama ni binadamu afukiwe kwa heshima, kama ni mnyama tuendelee kuchimba, na kwamba yeye hajui ni yupi. Hooyo, mama yangu, alisema niache maswali nikachunge mbuzi. Chifu akapiga simu huku na huku, na baada ya siku kadhaa gari lililojaa vumbi likatuletea mwanamke kutoka Nairobi, Mkamba mwembamba aitwaye Mwende, pamoja na masanduku yake ya chupa.

Mwende alisema ni tembo wa kale, wa aina ambayo haiko tena duniani. Nilimwamini nusu. Tembo nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha shule tu, na yule alikuwa na mkonga. Wa huyu ulikuwa wapi? Mwende akanieleza kwa upole kwamba mkonga hauna mfupa ndani. Jibu hilo lilinivuruga zaidi, nikawa namwonea huruma mnyama ambaye pua yake nzima imeoza ikaisha.

Abti Noor hakuwa na muda wa tembo wala Madanle. Taya lilikuwa limelala mahali hasa ambapo maji yangeingilia. Lisipoondolewa, hakuna kuchimba, na likiondolewa kwa pupa linabaki vumbi. Mwende aliomba siku chache, Abti akakubali huku akitazama mawingu yaliyoanza kujikusanya upande wa mashariki. Nyumbani mbuzi walikuwa wanalamba mitungi mitupu, na kila mtu alijua kwamba mvua ikitangulia lambo, tumekwisha.

Basi Mwende akaanza matibabu, na sijui niyaite nini kingine. Alikuwa na punje za plastiki zinazong'aa kama sukari, akaziyeyusha kwenye asetoni mpaka zikawa kitu chepesi kama maji. Alifunga turubai juu ya shimo, kwa sababu jua likiikuta dawa hukauka juu juu kabla haijazama. Kisha kwa bomba la sindano, lakini bila sindano yenyewe, akadondosha tone baada ya tone. Kila tone lilipogusa mfupa lilipotea. Mfupa ulikolea rangi kidogo, ukarudi ulivyokuwa, naye akadondosha tena. Aliniambia kwamba unakunywa, nami nikawatangazia watoto wote wa boma kwamba kuna tembo aliyekufa na bado ana kiu. Nyingine aliiacha nzito kama asali, akaitumia kuunganishia vipande vilivyotengana, akivishikilia kwa ncha za vidole huku amezuia pumzi.

Kwenye ukingo wa pili wa shimo alikuwa akikaa Ayeeyo, bibi yangu, mamake Hooyo na Abti Noor. Ayeeyo alikuwa fundi wa kuunga mifupa. Mtu akianguka kutoka mtini, ngamia akivunjika mguu, aliitwa yeye. Alipapasa, akavuta, akakanda kwa samli, akafunga vijiti na kamba. Sasa alikuwa anamtazama mtu mwingine akifanya kazi yake, tena kwa mgonjwa asiyelia. Aliinusa asetoni akakunja uso, akaniambia kwa Kisomali kwamba dawa hiyo inanuka pombe, na kwamba mfupa ule hauna ugonjwa wowote isipokuwa ukavu.

Adhuhuri moja wanaume walikuwa wamekwenda kuswali na kujinyoosha, na Mwende amejilaza kwenye kivuli cha gari lake. Nilikuwa nikiwaleta vijitoto vya mbuzi kivulini nilipomwona Ayeeyo akishuka shimoni kwa kujishikilia ukutani, kibuyu cha samli kikiwa kwapani. Akapiga bismillahi, akamimina samli kiganjani, akaupaka mfupa. Aliupaka taratibu, vile vile alivyokuwa akinipaka mimi miguu nikipata homa, mwishowe akakituliza kiganja chake juu ya mfupa. Aliponiona hakushtuka. Alisema kama ni mtu, amempa haki yake, na kama ni mnyama, samli haijawahi kumdhuru mnyama. Niliyaona ni maneno ya busara, na hadi leo nayaona hivyo, ila hayakuwa kweli.

Jioni Mwende alidondosha tone lake la kwanza. Tone likasimama juu ya mfupa, likabingirika, likaangukia mchangani. Akadondosha jingine, nalo likafanya vivyo hivyo. Akapitisha kidole kwenye mfupa, akakinusa. Abti Noor alipoelewa kilichotokea alifoka, akasema ni kazi ya watoto, akaanza kututaja majina mmoja mmoja. Ndipo Ayeeyo aliposimama kwenye ukingo, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kisichojua herufi p, ili mgeni asikie bila mkalimani.

"Ni mimi. Hii mfuba iko na kiu sana. Mimi nabaka samli."

Mwende akakaa chini kwenye udongo. Nilisubiri kelele, maana kwetu hapo ndipo kelele huja, lakini hazikuja. Alikaa akiitazama mikono yake, halafu akamwomba Ayeeyo ashuke. Akamwonyesha tone linavyobingirika.

"Shosho, samli imefunga mlango. Dawa yangu haiingii, na ndani bado ni unga."

Ayeeyo alitazama sana. Kisha akamshika Mwende mkono, akagusa ukucha wake mmoja uliokuwa umebakia na rangi nyekundu kidogo.

"Kama hii na udhu," alisema. "Maji hafiki."

"Hivyo hasa, shosho."

Niliuona uso wa Ayeeyo ukibadilika. Yule aliyenyoosha miguu ya nusu ya Eldas alikuwa amemdhuru mgonjwa, na amejua. Alivuta mtandio wake ukafunika mdomo. Nilimwonea uchungu, na wakati huo huo sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya.

Mwende alichovya pamba kwenye asetoni, akaanza kufuta. Samli ya juu ikatoka. Iliyokwisha kuzama ilikataa, na kila aliposugua, pamba ilirudi na unga wa mfupa. Asetoni nayo ilikuwa inapungua, na ndiyo hiyo hiyo aliyoihitaji kuyeyushia dawa ya sehemu nyingine. Radi ikanguruma mbali. Abti Noor aliinua macho. Mwende akaweka pamba chini, akasema doa la samli libaki, kuliko kulifuta pamoja na mfupa wenyewe.

Upande uliopakwa samli ulikuwa bado laini kwa ndani, kwa hiyo ulihitaji mtu wa kuushikilia kwa chini wakati taya linafungwa kwa ajili ya safari. Mwende akamchagua Ayeeyo. Abti alishangaa, na mimi nikazidi kupotea. Anawezaje kumrudishia mgonjwa mtu yule yule aliyemharibia? Mwende alisema mikono ile inajua kushika mfupa bila kuubana, basi. Wakaanza na karatasi ya chooni iliyolowanishwa maji, wakaibandika juu ya taya lote. Sisi watoto tuliangua kicheko mpaka Mwende alipotueleza kwamba inazuia jasi, ule uji mweupe wa kufungia, isiung'ate mfupa. Juu ya karatasi vikaja vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye jasi, na pembeni vijiti vilivyonyooka. Ayeeyo alipoviona vijiti alitikisa kichwa kukubali, kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike.

Halafu macho yakamtoka.

"Ana joto," alisema kwa sauti ya chini. "Wallahi, ana homa."

Nikashuka, nikaweka kiganja juu ya gamba lile jeupe. Lilikuwa na joto, na joto lilikuwa likipanda. Nilitimua mbio sikusimama mpaka kwa mbuzi. Hakuna aliyenifuata kunieleza chochote, maana waliobaki walikuwa wanashindana na mvua.

Asubuhi yake wanaume walilibeba taya hadi kwenye gari, wakarudi shimoni kuchimba kama wendawazimu. Mvua ilipofika ilikuta mlango wa lambo uko wazi, ingawa kina chake hakikuwa kile alichokitaka Abti. Maji yakaingia, mbuzi wakanywa.

Kabla ya kuondoka Mwende alinitafuta, akaniuliza kwa nini nilikimbia. Niliona haya kulitaja lile joto, nikajifanya nina swali jingine. Nikamuuliza kama gundi yake itashika milele.

"Hapana. Nisiyoweza kuitoa, siipaki," alisema. "Gundi nzuri ni ile inayokubali kutoka. Atakayekuja baada yangu huenda akajua kuliko mimi."

Kwa akili yangu, gundi inayotoka ilikuwa gundi mbovu. Ilikuwa inatoka kwenye kandambili zetu kila siku na hakuna aliyeisifu. Nikadhani anatafuta kisingizio. Ayeeyo, aliyekuwa amesimama karibu, akamtumia Abti kuuliza kama samli nayo itakubali kutoka. Mwende akajibu kwamba hiyo huenda isitoke. Ayeeyo hakuutaja tena mfupa ule maishani mwake, lakini tangu siku hiyo, kabla ya kumpaka mtu samli, alimuuliza kwanza kama kuna dawa nyingine aliyokwisha kupakwa.

Homa ya tembo niliielewa nikiwa mtu mzima, hospitalini hapa Garissa, mwanangu alipovunjika mkono. Walipomfunga plasta niliigusa, nikakuta inapata joto. Daktari akasema jasi ikiganda ndivyo ilivyo. Nilicheka peke yangu pale kwenye benchi mpaka mtoto akaona aibu.

Lililobaki nililielewa mwaka jana. Siku hizi mimi ni mwalimu, na nilikuwa nimewapeleka wanafunzi makumbusho ya Nairobi kutazama mabaki ya kale. Nikaliulizia taya la Eldas. Kijana mmoja anayeyahudumia mabaki akanipeleka kwenye rafu za nyuma, akafungua boksi. Mwende amestaafu, alisema, na gundi yake ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, hivyo wameiyeyusha yote na kuweka mpya. Mwende mwenyewe alikuja kumwelekeza namna ya kuitoa, na alifurahi kuona inatoka vizuri. Kazi yote ile ya matone na pumzi iliyozuiwa haikuwepo tena, na mwenye kazi alikuwa ameridhika.

Kisha akaligeuza taya, na sauti yake ikawa ya kuomba radhi.

"Ila doa hili limetushinda, mwalimu. Tumejaribu kila kitu."

Lilikuwa doa la kahawia, pana upande mmoja, na pembeni yake alama nne ndefu na moja fupi.

Ayeeyo alifariki nikiwa kidato cha pili. Hakukubali kamwe kupigwa picha. Kaburi lake ni mawe machache kando ya njia ya ngamia, na sina hakika kama leo ningeweza kulitofautisha na mengine. Kanzu zake ziligawiwa, vijiti vyake vikawa kuni.

Nikamwomba yule kijana ruhusa ya kugusa. Akanipa glavu. Nikamuuliza kama naweza kugusa bila glavu, akakataa kwa adabu, akisema mikono ya watu huwa na mafuta. Nilicheka, kisha nikalia, na maskini kijana hakujua afanye nini na mama mzima wa buibui analia mbele ya taya la tembo. Nikavaa glavu, nikaweka kiganja changu juu ya doa. Kililifunika lote, kidole kwa kidole.

Nilipomaliza kufuta macho nikamwambia asijaribu tena kulitoa.