Siku Kumi za Kutengwa

Kosa lilianza kwangu, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, redio za mkononi zinauzwa mpaka chini ya mikorosho, na kila aliyevaa suruali ya mtumba anatembea kama aliyeshuka kwenye ndege jana. Mimi nami nikasimama katika ofisi ya walimu kule Kitangari, nikatangaza kwamba likizo yangu ya Juni nitaimalizia nje ya nchi. Sikusema nchi gani. Mwalimu mkuu akaweka chaki chini, akaniuliza, "Ulaya?" Nikamjibu kwamba mambo ya safari hayasemwi yote. Tangu siku hiyo nikaitwa Mwalimu wa Ng'ambo, na mwenzangu wa darasa la tatu akaniagiza saa ya mkono isiyoingia maji. Sijui aliitakia nini, maana Kitangari hata ndoo haikuwa inaingia maji kirahisi.

Nje ya nchi yenyewe ilikuwa Mueda. Ukisimama Newala, pale uwanda wetu wa juu unapokatika ghafla na bonde kuanza, asubuhi isiyo na ukungu unaiona Msumbiji kwa macho yako mawili bila pasipoti. Kati yetu na wao ni Ruvuma tu, na Ruvuma mwezi wa Juni ni mto mpole. Lakini sheria ni sheria, ng'ambo ni ng'ambo, na mimi sikuona kwa nini nijinyime sifa.

Safari hasa ilikuwa ya Mama. Mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, aliolewa upande wa pili tangu zamani. Mara ya mwisho walipoonana mimi nilikuwa mgongoni. Kisha vita vikaingia, vikatoka, vikaingia vingine, na mtu na dada yake wakazeeka kila mmoja ukingo wake. Amani ilipopatikana huko, mchuuzi wa nguo alivuka na barua. Barua ilikuwa fupi: "Jicho la kushoto limekwisha kufa. La kulia limeingia ukungu. Njoo ningali ninakuona, nisije nikakupokea kwa kukupapasa." Mama aliniita kutoka Kitangari mpaka nyumbani Lulindi nije nimsomee, ingawa kusoma anajua. Nilimsomea mara tatu. Mara ya nne alinipokonya, akaiweka chini ya mto wa kitanda, akasema tukifunga tu shule tunaondoka.

Tulifunga shule. Nikanunua sanduku la magurudumu mnadani Masasi, nikashuka nalo Lulindi huku nimelibeba kichwani, kwa sababu magurudumu na mchanga wetu hawakusikilizana hata siku moja. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, alisimama Bwana Afya. Alikuwa mtu wa kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Ndugu wananchi," alisema, "ng'ambo ya mto kuna kipindupindu. Hatumkatazi mtu kuvuka. Lakini atakayevuka, akirudi atawekwa karantini siku kumi."

Mzee mmoja akauliza, "Karantini ndiyo mdudu gani?"

Bwana Afya akatafuta neno jepesi. Maskini, alilipata.

"Ni kutengwa," akasema.

Ningekuwa karibu ningemziba mdomo. Mahali pengine kutengwa ni kuwekwa kando, basi. Lulindi neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni padre. Anayetengwa ni aliyeoa mke wa pili, aliyekwenda kwa mganga, msichana aliyebeba mimba kabla ya pete. Jina lako linasomwa mbele ya watu, unahamia benchi la nyuma, na wenzako wakienda kupokea mkate na divai wewe unahesabu kucha zako. Unakaa hivyo mpaka padre akufungulie. Sasa kaja mtu na kofia ya serikali, anatishia kutenga kijiji kizima, tena kwa kosa la kuvuka mto!

"Kutengwa kwa dhambi gani?" sauti ya mwanamke iliuliza, na sikuwa na haja ya kugeuka kujua ni ya nani. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Miaka yote aliketi benchi la kwanza upande wa wanawake, na nadhani benchi lenyewe lilikuwa limeshika umbo lake.

"Si dhambi, Mama Mwalimu. Ni vijidudu," alisema Bwana Afya.

"Vijidudu gani hivyo vinavyomtoa mtu kanisani?"

Watu walicheka, Mama hakucheka. Aliyecheka kuliko wote ni jirani yetu Mwislamu, rafiki wa Mama wa kisimani tangu usichana, aliyekuwa amekuja kusikiliza tangazo. Alimshika Mama bega. "Mama Mwalimu, mimi sina kanisa, hawana pa kunitenga. Silimu siku kumi tu, uvuke, ukirudi utaendelea na mambo yako." Mama alimpiga kofi la mkono, lakini akashika njia ya nyumbani bila kutungoja.

Mimi nilikuwa na hofu zangu za kawaida. Kipindupindu nilikiogopa kwelikweli, kwa sababu kati ya vifo vyote hicho ndicho kisichomwachia mwalimu heshima yake. Nilikaa kibarazani nikapiga hesabu: maji tutachemsha, majivu na sabuni tutabeba, chumvi na sukari za kuchanganya nitazifunga kwenye kitambaa. Siku kumi za karantini zinaingia ndani ya likizo na shule haitanikosa. Nikaona inawezekana. Mume wangu aliyebaki Kitangari na mbuzi alituma salamu kwamba haiwezekani, nami nikaziweka salamu zake mahali salama.

Mama alikuwa kinyume changu. Ugonjwa hakuujali hata kidogo. "Hicho ni cha watu wachafu," alisema, akafunga mjadala wa tiba. Kilichomkosesha usingizi ni lile neno. Jumatatu alivaa kanga ya kanisani akaenda kwa padre, na mimi nikamfuata nisikose.

"Padre, shikamoo."

"Marahaba, Mama Mwalimu. Karibuni."

"Nikitengwa na Bwana Afya, nani atanifungulia?"

Padre alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine. "Bwana Afya mwenyewe, siku kumi zikiisha."

"Ana daraja? Amewekewa mikono na askofu?"

"Hapana, Mama. Huku ni kutengwa kwa mwili tu. Sakramenti yako iko palepale."

"Wewe unajua, Padre, na mimi najua. Lakini neno ni lilelile. Watu watasema Mama Mwalimu ametengwa. Nani atauliza ametengwa na nani?"

Padre akatusindikiza mpaka mlangoni, na mimi nikaona Mama ana haki. Nilikuwa nakijua kijiji chetu.

Siku tatu zikapita hivyo. Asubuhi Mama anasema tunakwenda, jioni anasema dada yake ataelewa, tungoje ugonjwa uishe. Nilimwuliza jicho la mama mkubwa litangoja nini. Akasema Mungu anaweza. Nikasema Mungu anaweza, lakini barua imeandikwa na mama mkubwa. Alhamisi tulikuwa uani tunamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, naye akaanza tena: yeye tangu abatizwe hajawahi kutengwa hata siku moja, aende kuaibika uzeeni, atawatazamaje akina mama wenzake. Hapo hasira zikanipanda. Mimi zikinipanda hazibishi hodi.

"Mama, kutengwa hakuui," nilisema. "Mimi nilitengwa miezi sita. Ni mzima, nipo, namenya ming'oko."

Nilikuwa na miaka ishirini wakati ule, na mimba ya mwanangu wa kwanza, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili na ana ndevu tatu anazozitunza. Jina langu kwa padre alilipeleka Mama mwenyewe, kabla majirani hawajalipeleka. Alifanya alivyofundishwa, na jina liliposomwa mbele ya watu hakuinamisha kichwa. Miezi sita nilikaa nyuma nikimtazama kisogo. Baadaye mtoto alibatizwa, nikaungama, nikafunguliwa, nikaolewa na baba yake, maisha yakaendelea. Hatukuwahi kulizungumza hilo jambo, yeye na mimi, hata mara moja.

Mama aliweka kisu chini. Akaingia ndani, akatoka na ufagio, akaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa tangu alfajiri. Nilijua nimemuumiza na sikujuta vya kutosha. Ijumaa asubuhi aliniamsha kwa kunitikisa mguu.

"Funga mizigo," alisema. "Na hilo sanduku lako la kizungu liache hapa."

Tulivuka kwa mtumbwi, Mama ameshika ukingo kwa mikono miwili akisali kwa sauti, mpiga kasia akiitikia amina japo alikuwa Mwislamu. Mueda tulifika siku ya pili. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. Alisimama, akamshika Mama kidevu, akamgeuza kuelekea mwanga, akasogeza jicho lake la kulia karibu kabisa. Alimtazama muda mrefu, uso wote, kipande kwa kipande. Kisha akasema kwa Kimakonde, "Umezeeka vibaya." Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mama mkubwa akakaa chini pia, na walipokwisha kucheka walilia. Siku tano tulizokaa pale sikuwaona wameachana, hata chooni walisindikizana. Kipindupindu tulikisikia kwa jina tu. Kila kikombe nilikichemsha, na mama mkubwa akalalamika kwamba ameletewa mgeni pamoja na mkaguzi wake wa afya.

Karantini yetu ilikuwa shule moja ya bondeni, upande wetu wa mto. Wanafunzi wakiwa likizo, sisi tulipewa darasa la tatu na wachuuzi wawili wa nguo wakapewa la nne. Bwana Afya alituamuru kunawa mikono mara tano kwa siku, akatuwekea pipa zima la maji ya mto yaliyotiwa dawa, na kila likipungua analijaza. Unajua maana ya pipa kwa mtu wa uwanda? Kwetu maji yanapanda mlima kwa kichwa cha mwanamke. Siku ya kwanza tulinawa kwa adabu. Siku ya pili tulioga mara mbili. Siku ya tatu nilifua mpaka nguo zilizokuwa safi, na Mama alikuwa amekaa kivulini saa sita mchana ameloweka miguu kwenye beseni.

"Kumbe kutengwa kuna maji hivi!" alisema. Kwa hali hiyo nikaamini kwamba nimepata likizo yangu ya nje ya nchi, ila imecheleweshwa kidogo.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mama alivaa kanga yake ya kanisani, akasema tutasali hapahapa. Akaenda kukaa dawati la mbele kabisa, magoti yamemfika kifuani kwa udogo wa dawati. Mimi nilikaa la nyuma karibu na mlango, kwa sababu ya upepo tu, wala sikuwa na nia nyingine. Akaanzisha wimbo, nikaitikia. Akaanza sala, nikaitikia. Katikati ya sala akanyamaza. Nilidhani amesahau maneno, nikamkumbusha, hakuyapokea.

Mara akageuka. Aligeuka mwili mzima, mkono kwenye mgongo wa dawati, akanitazama kule nyuma. Kisha akainuka, akaja polepole kati ya madawati akishikashika kila moja, akajibana kando yangu kwenye kibenchi cha watoto wa miaka tisa.

"Ulikuwa unakaa benchi lipi?" aliniuliza.

"La mwisho, Mama. Penye nguzo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alitikisa kichwa. "Miezi sita," alisema. "Mimi hapa siku nne tu, tena tuko wawili, tena na maji." Akatazama ubao, ambapo mwalimu wa pale alikuwa ameacha jedwali la mara saba. "Nilikuwa nasikia unavyokohoa kule nyuma. Kila Jumapili nilikusikia. Sikugeuka. Nisamehe, mwanangu."

Mzazi wa kwetu kumwomba mtoto wake msamaha sikuwahi kukuona, si upande huu wa mto wala ule. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimeandaa majibu ya siku hiyo, mengine makali, mengine mazuri kabisa, na hakuna hata moja lililokuja. Nilichoweza kusema ni, "Sogea kidogo, Mama, dawati lote umelikalia."

Hakusogea. Tulikaa vilevile, bega kwa bega, mpaka Bwana Afya alipopita dirishani kutuuliza kama tumenawa.