Matawi Mbele ya Lori Lisilo na Dereva

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani wala sikupanda kabini. Nilipewa panga. Chef charroi, yaani mkubwa wa malori yote ya kampuni, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya honi. Alinikagua pale gereji yetu ya mtaa wa Kampemba akaniuliza kama najua kukata matawi. Nikacheka nikidhani ananitania.

"Weye mutoto, unacheka nini?" akasema. "Camion ikikufa mu mulima, dereva iko na kazi yake chini ya moteur. Weye, kazi yako njo matawi. Unakata, unatandika ku barabara, mbali na camion. Ukitia karibu, utaua bantu." Kwetu camion ni lori, moteur ni injini, na bantu ni watu.

Basi nikawa aide-chauffeur, msaidizi wa dereva. Niliosha vioo, niliweka kala nyuma ya gurudumu, yaani kipande cha gogo cha kuzuia lori lisirudi nyuma, na nilitandika matawi. Unaanza na machache, kisha unayazidisha kadiri unavyolikaribia lori, ili anayekuja nyuma apunguze mwendo kabla hajaona chochote. Lori likipona, aide ndiye anayerudi kwa miguu kuyaondoa yote. Ukiyaacha, kesho madereva watasimama bure, na keshokutwa hawatayaamini tena. Kwa kosa hilo chef charroi alifukuza watu, na sikumwona akimsamehe hata mmoja.

Nilipenda kazi ile. Ilinitia vumbi mpaka kwenye meno, na kuna usiku niliilaani, lakini nilipenda. Njia ya Kolwezi wakati huo ilikuwa mashimo matupu. Aliyeona matawi alisimama, akashuka, akauliza: "Kaka, kwiko shida gani?" Aliyekuwa na jeki alitoa jeki, aliyekuwa na bukari, yaani ugali, alimega akakupa. Siku moja, katikati ya pori, dereva wangu aliteremka akanifungulia mlango wa upande wake. Akasema, "Kuya, ikala hapa." Nikakaa mbele ya usukani, na tangu siku hiyo nikawa mtu.

Baadaye nilipewa semi-remorque, lile lori refu lenye trela, nikahamishiwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tulibeba shaba. Huko nilipata mkubwa wa namna nyingine, directeur d'exploitation, yaani mkuu wa uendeshaji, mtu wa tai na kiyoyozi. Yeye alifunga kijisanduku ndani ya kila kabini ili aone ofisini kila mahali unaposimama. Wiki ile ile akaniita nitoe sababu.

"Papa Ramazani, hapa ulisimama. Juu ya nini?"

"Kulikuwa matawi, patron. Mwenzangu alivunjika ekseli."

"Camion yake ni ya kampuni yetu?"

"Hapana."

"Sasa? Tunakulipa juu ya kusaidia bantu ba ingine? Camion ni ya kutembea."

Nilikasirika, nikabisha, nikaonywa. Wenzangu wakaacha kusimama. Hata mimi, nakiri, nilianza kupita tu na kupiga honi. Vijana mnaosoma haya mnadhani mashine ilikuja juzi. Sisi tulianza kugeuzwa mashine siku ile, na tuliitikia ndiyo patron.

Nilistaafu na mgongo mbovu. Furaha yangu ilibaki kwa Aziza, kitinda mimba wangu. Amekulia mtaa wetu wa Hewa Bora akinusa mafuta ya dizeli kwenye nguo zangu, na hakutaka kazi nyingine. Majirani walinicheka: binti wa Kiislamu, tena kwenye malori? Nikawaambia wamuulize yeye. Akasoma, akapata leseni ya magari makubwa, mgodi mmoja nje ya mji ukamchukua afanye mazoezi ya kuendesha malori yale ya mawe yenye magurudumu marefu kuliko mtu. Siku alipoletewa kofia ya kazi, mama yake alimwaga machozi mezani.

Kisha ikaja habari kwamba malori mapya yatajiendesha yenyewe. Aziza hakula jioni hiyo.

"Papa, nimesoma bure?" akaniuliza. "Ile camion haina na dereva. Miye ntafanya nini?"

"Usiogope, mama," nikamwambia. "Mashini hajue barabara. Hajue hata matawi."

Nililisema hilo kwa kiburi, na nililiamini. Mwezi uliofuata aliposema bado yuko kazini, nikaona nilikuwa sahihi.

Mgodi ukaalika wazazi wa wafanyakazi waje kuyaona malori hayo. Nilivaa koti langu la Idi. Injinia, kijana wa mtaa wa Bel-Air mwenye adabu, akaeleza kwamba lori linaona kwa macho ya umeme, na kwamba yeyote anaweza kuweka kitu mbele yake kulijaribu. Nikanyanyua mkono nikaomba panga. Watu wakacheka, lakini nikapewa. Nikakata matawi pembeni ya uzio, nikayatandika vile nilivyofundishwa, machache kwanza, kisha mengi.

Lori likaja. Nilijikuta natafuta uso wa mtu kule juu ili nimpungie mkono. Likasimama kwenye tawi la kwanza kabisa, mahali ambapo mimi ujanani ningepunguza mwendo tu. Wazazi wakapiga makofi.

"Imesimama, lakini hajue juu ya nini!" nikapaza sauti.

"Ni kweli, papa, hajue," injinia akajibu kwa upole. "Lakini imesimama."

Akasema kitu kwenye redio yake ili njia isafishwe. Akatoka mtu kwenye kibanda, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, akainama na kuanza kuokota matawi. Nilimtambua kwa mwendo wake kabla sijamwona uso. Nikamfuata pale barabarani.

"Aziza! Tangu lini?"

"Tangu camion zilifika, papa." Hakuinua kichwa. "Benzangu balirudishwa ku nyumba. Miye natosha mabwe mu njia yazo, naondoa yote yenye kuanguka. Banasema niko na bahati."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulisema hazijue matawi. Ulikuwa na furaha."

Nimefikiri sana tangu siku hiyo, na sijapata la kuwafariji vijana. Kuokota matawi haikuwa kazi ya aibu. Mimi nilianzia hapo hapo. Ila juu yangu kulikuwa na kabini, na ndani yake mtu ambaye siku moja angenifungulia mlango aniambie nikae. Niliinua macho kulitazama lori la Aziza. Halikuwa na mlango wala kiti.

"Papa, usilie, bantu banaangalia," akasema. "Kamata ile tawi ya mwisho."

Nikaliokota. Tukasogea pembeni, mimi na mwanangu, mikono imejaa majani, na lori likapita.